Madoa Kwenye Bangi ya Bibi, Lawama Juu Yangu

Mpendwa Dada Merdella, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana siku hiyo mjomba wa Dalton, baba wa mwanangu, ameapa kung'oa miche yangu yote mitano ya bangi, ile mitano ambayo sheria ya hapa inaturuhusu kupanda uani, na mimi ndiye niliyeiotesha kwenye makopo ya maziwa nikiwa na mimba kubwa, kwa ajili ya Bibi Eunice aliyenilea, ambaye magoti hayamfikishi hata kanisani mpaka nimsugue kwa ramu nyeupe, pombe kali ya miwa, iliyolowekwa majani hayo.

Sasa yameingia madoa. Yalianza kwenye majani ya chini baada ya mvua za Oktoba, ya mviringo kama kichwa cha kiberiti, kahawia katikati na manjano pembeni, jani likijaa linakauka na kuanguka, na ugonjwa unazidi kupanda juu. Mjomba Linval ni Rasta na anaheshimika hapa kwa kilimo, akatazama mara moja tu akasema ni mimi, eti mzazi mbichi akipita katikati ya miche hii, inaoza, na mwanangu ana miezi miwili, basi nimekatazwa kuvuka uzio. Nikamuuliza, "Mjomba, mbona bamia ninazochuma mimi hazina doa?" Akacheka, "Bamia haina heshima, binti." Dalton alikuwepo, akaendelea kunywa uji wake wa mahindi.

Nakaa najiuliza labda kweli nina nuksi, halafu namtazama mwanangu alivyo mzuri nasema haiwezekani. Mjomba naye anajitahidi, kila jioni anaimwagia miche maji kwa mpira kutoka juu mpaka majani yatiririke, na yaliyoanguka anayatandaza shinani yarudishe nguvu. Je, ipo dawa? Mimi bado nina matumaini.

Kerrian, Westmoreland

Kerrian mwanangu,

Barua yako imenipandisha hasira. Umezaa mtoto, hukuzaa kuvu, na hayo madoa ni kuvu. Mvua imeuleta ugonjwa, mjomba wako anaulisha. Maji ya jioni yanalala juu ya majani, na yale majani magonjwa anayoyatandaza yanaurudisha ugonjwa juu kwa kila tone linaloruka. Nawe nikugombeze: umekiona chanzo kwa macho yako, ukakiita kujitahidi, kwa sababu mwenye kosa ana ndevu.

Hakikisha kwanza. Geuza jani, lifute kwa kitambaa cheupe. Ukiona michirizi myekundu au utando, hao ni utitiri. Kikibaki safi, endelea hivi. Asubuhi, majani yakiwa makavu, kata yenye madoa na yanayogusa udongo, ila usiuvue mche nguo zote. Chovya kisu kwenye ramu kabla ya kuhamia mche mwingine. Zoa yaliyo chini, yachome mbali. Maji ni asubuhi tu, na ni shinani. Kama maua yameshatoka, usipulizie dawa yoyote. Jani lenye doa lisiingie kwenye chupa ya Bibi, na ukishamsugua, nawa kabla ya kumshika mtoto. Madoa ya zamani hayafutiki, wewe angalia majani mapya.

Dalton mwambie aache uji azungumze, miche ni ya mama wa mwanawe. Na usingoje Jumapili. Kesho asubuhi mpe Mjomba Linval mtoto ambebe, uvuke huo uzio na kisu chako.