Nilivyomchagulia Marehemu Sauti

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usiniandikie kwamba limepona huku ukipanda ngazi kwa kushikilia ukuta; nakujua. Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyo ndiyo yaliyonishikisha kalamu, na nakuomba uyasome ukiwa peke yako.

Shemeji yako amestaafu kule kiwanda cha mbao. Misumeno imemharibia masikio: sauti nzito anazisikia, nyembamba zimempotea kabisa. Simu ikilia mbele yake, mimi ndiye ninayemwambia. Sasa mtu huyo, kati ya watu wote, ameingiwa na wazimu wa santuri. Wala si santuri yoyote. Ni ile aliyoimba marehemu mkewe, enzi zake za bendi, kabla mimi sijaijua hata njia ya mtaa huu.

Alinunua gramafoni iliyotumika, akaiosha santuri ile kwa kitambaa laini kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kila akitaka kuisikiliza, kwanza anyoe ndevu! Mimi ninayelala naye kitanda kimoja ananijia na kidevu kama brashi ya viatu. Nikajiambia, haya, leo nimepata mke mwenza asiyekula wala kuugua. Na wa namna hiyo utamshinda kwa lipi?

Ila santuri ilikuwa ikikwaruza tu, hata yeye na masikio yake alijua kuna kasoro. Akaipeleka kwa fundi wa redio, yule tunayemwita Waya kwa wembamba wake. Waya akamweleza kwamba kosa kubwa si la santuri. Ni ya zamani, ya mono, yaani ya sauti ya spika moja, na sauti yake yote imechongwa kwenye mifereji inayoyumba kushoto na kulia tu. Sindano yetu ya stereo, ya spika mbili, inasoma pia mtikisiko wa juu na chini, ambako hakuna kitu ila vumbi na mikwaruzo. Kinachotakiwa ni kichwa cha mono, kile kidude cha mwisho wa mkono kinachobeba sindano. Akatuazima viwili, ncha zake zimepishana unene. Alisema sindano za zamani zimeshaila mifereji ya santuri sehemu fulani, kwa hiyo ncha moja itapita juu ya kidonda na nyingine itagusa pazima. Ipi ni ipi, wataamua wenye masikio.

Mume wangu akanigeukia, akasema, "Mke wangu, mimi masikio sina. Nichagulie wewe."

Fikiria, Dada. Mimi!

Kichwa cha kwanza kilimtoa mwanamke anayeimba puani, kama aliyejifunika ndoo. Cha pili, Dada yangu, kilimleta sebuleni. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya ubeti. Kuna neno moja alilitamka huku anatabasamu, na tabasamu lenyewe nililisikia. Vinyweleo vilinisimama. Nikamtazama mume wangu: anapiga paja kufuata ngoma, kama alivyopiga mara ya kwanza. Hakuona tofauti. Aliponiuliza kipi, nikamwambia cha kwanza.

Akanishika mkono akasema hakuna mke kama mimi. Cha pili nikakifungia kabatini.

Jumapili akaja binti, yule aliyeachwa na marehemu. Unajua nimemlea tangu hajaota meno. Mama yake mzazi anamjua kwa picha na kwa sifa za watu tu. Alikuja maalumu kumsikia. Baba yake akaweka santuri, naye akainama karibu kabisa. Wimbo ulipokwisha akajilazimisha kucheka, akasema, "Kumbe alikuwa wa kawaida tu. Watu walikuwa wananifariji."

Baba yake hakusikia. Akaniuliza mtoto amesema nini, maana kumrudishia maneno ndiyo kazi yangu humu ndani.

Dada, nilidhani ninamwibia marehemu, kumbe niliyemwibia ni mtoto niliyemlea. Niliinuka nikakitoa kile cha pili, binti akanishikia mkono wa gramafoni nikikibadilisha. Nikawaambia wote wawili, kwa sauti kubwa ili mzee naye asikie, kwamba nilidanganya, na kwamba ni wivu tu. Sindano ikashuka.

Ile pumzi ya kwanza tu, binti akajiziba mdomo. Kisha akamwendea baba yake, akaweka midomo sikioni mwake, akawa anamsimulia asiyoyasikia: hapa anatabasamu, baba, hapa kidogo acheke, hapa sauti inapanda kama yangu. Mzee wa watu akalia kama mtoto. Hawakunitazama hata mmoja. Na nisikufiche, wivu haukuondoka. Nilitaka hata mtu aniombe maji tu, nijue nimekumbukwa.

Wimbo ukaisha. Binti akasema, macho bado yamefumbwa, "Mama, rudia."

Kwa kitambo sikujua anamwita nani kati yetu. Kisha nikainuka, nikairudisha sindano mwanzo.

Shemeji yako hajanigombeza. Alichosema ni kwamba ningemwambia tu kuwa inaniuma. Nami sasa nakuambia wewe, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia kwamba bado inauma.

Wasalimie wote walio chini ya paa lako, na hilo goti lifunge kitambaa cha moto.

Ni mimi mdogo wako asiyekua,
Kidoti