Maji ya Bahari Katika Chumba cha Kati

Mpendwa mshauri,

Salamu nyingi zikufikie huko pwani gazeti linakochapwa. Naomba uninusuru kwa neno lako, maana hapa Dodoma sina wa kumweleza habari hizi asiseme nimeingiwa na wazimu, nami sina wazimu, nasaga mtama wangu na kuswali swala zangu kama watu wote. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi za chuoni alizonifundisha baba kule Kondoa, na ukiona mahali nimekosea unisamehe.

Mume wangu anaitwa Msafiri, fundi wa mawe, Mrangi kama mimi, ila yeye alishuka pwani angali kijana akafanya kazi ya reli ya Wadachi tangu ilipoanzia Dar es Salaam, na huko akaoa mke wa kwanza, Mwanahawa, mtu wa pwani, wakapata binti, Mishi. Huyo Mwanahawa alikuwa akienda mwambani maji yakipwa, kuokota chaza na kuchokoa pweza, na siku moja ya bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, alimwacha mtoto mchangani akaenda mbali kuliko wenzake, maji yakamrudia kwa nyuma, watu wakapiga kelele, asisikie. Hakuonekana tena, si yeye wala nguo yake. Mtoto aliona yote. Tangu saa ile Mishi hakutoa sauti, hata ya kilio, na Msafiri naye hakukaa matanga, alimbeba mwanawe mgongoni akaifuata reli kupanda bara, na reli ilipofika Dodoma akajenga tembe, akanioa mimi.

Mshauri, mtoto huyu nampenda. Namsuka nywele, analala mkekani pangu, na akiota vibaya hunishika kidole. Sasa, mwaka jana nilikwenda naye kupeleka mayai kwa Mdachi mmoja, bwana wa reli, na barazani kwake palikuwa na sanduku la kioo lenye samaki wadogo wa rangi waliotoka baharini, Mishi akabandika uso kwenye kioo, akacheka. Alicheka kwa sauti! Mayai yote yaliniponyoka.

Nilipomwambia Msafiri hakula siku ile. Akavunja sakafu ya chumba chetu cha kati, akachimba, akajenga kuta kwa mawe ya kuchonga, akapiga lipu ya chokaa na saruji, bwawa zima refu kuliko kitanda mara nne na kina cha kufika mtu mzima kiunoni, ndani ya nyumba, mshauri, chini ya dari ile ile tunayolala. Maji ya bahari yakaja kwa mapipa katika gari la moshi, rafiki zake wa reli wakimletea, na mchanga wa pwani wa kutandika chini. Samaki wa kwanza waliuawa na ukali wa chokaa, wote wakaelea matumbo juu, ikabidi kulijaza bwawa maji ya kisima na kuyamwaga, kulijaza na kuyamwaga, mpaka ukali ukaisha, majirani wakitutazama, maana mvua imekuwa haba na kisima kimeshuka. Kisha wakaja wengine katika mapipa yaliyofunikwa ngozi, tasi, changu, kangaja, na mkunga mmoja mweusi anayekaa tunduni mwake akifungua na kufunga kinywa kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi.

Samaki hawa hufa kwa kukosa pumzi kabla ya kufa kwa njaa, basi Matonya, Mgogo mhunzi jirani yetu, akatupa mivukuto yake ya zamani, Msafiri akaiunga na mwanzi mrefu mpaka chini ya maji, nasi tukawa tunapokezana kuisukuma ili mapovu yapande. Kutwa nyumba yetu inapumua. Matonya alikuja kutazama, akasimama mlangoni asiingie, akaniambia, "Shemeji, mivukuto hii mimi nilipulizia moto. Ninyi mnapulizia nini?"

Mishi alisema siku ya tatu tangu samaki hao waje. Nilikuwa jikoni nikasikia, "Mama," sauti nyembamba, nzuri, nikaacha chungu nikakimbia kwa furaha, nikamkuta amepiga magoti ukingoni, amenipa mgongo. Alikuwa akiyaambia maji.

Msafiri alilia, akachinja mbuzi, nami nilifurahi, Mungu shahidi wangu. Lakini tangu hapo yale maji yakaanza kupwa na kujaa. Asubuhi yapo ukingoni, jua likipanda yameshuka mpaka mchanga unaonekana, alasiri yamerudi. Mume wangu akasema ukuta una ufa. Nimepapasa sakafu pande zote, ni vumbi kavu, tena maji yaliyovuja hayarudi yenyewe. Na kabla hayajaanza kushuka samaki wote huja kwenye ukuta wa mashariki, wakapanga vichwa kama watu safuni, hawali, hawageuki, mpaka yashuke.

Kisha siku moja tunakula, Mishi akaonja mchuzi, akaniangalia, akasema kwa sauti ya mtu mzima, taratibu, "Mke mwenzangu, umepunguza chumvi."

Tonge lilimtoka Msafiri mkononi. Nilidhani atamkemea mtoto. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanahawa?"

Sasa kila siku akitoka kazini hukaa naye ukingoni, anauliza, mtoto anainamisha sikio majini, anamjibu. Anauliza kama alisikia baridi. Anauliza kama amemkasirikia. Mimi napita na kuni kama mpagazi katika nyumba yangu. Nina wivu, mshauri, nakiri, namwonea wivu mtu aliyekufa, na sijui kama hofu yangu ni hofu ya kweli au ni wivu uliovaa kanga ya hofu.

Ijumaa iliyopita Msafiri alikwenda msikitini, nikamwachia Mishi mivukuto nikatoka nje kutwanga, mara nyumba ikaacha kupumua. Nikaingia. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya bwawa, maji yamemfika kidevuni, yanapanda nikiyaona kwa macho, na mkono wake mmoja ameunyosha pembeni, vidole vimekunjwa, kama unavyokunja vidole ukishikwa mkono na mtu mrefu kuliko wewe. Nikarukia humo na nguo zangu. Nikamshika kiuno nikavuta, akawa mzito, akawa anavutwa, na pale nikasikia neno, "Niachie mwanangu!" Mpaka leo sijui kama ni mimi niliyelisema.

Nilipomtoa, maji yalishuka yote kwa mara moja, samaki wakabaki wanapigapiga mchangani, kisha yakarudi polepole.

Nilimwambia Msafiri, "Livunje." Akasema, "Mwantum, ukilivunja, mtoto atakuwa bubu tena, na safari hii ni wewe utakayekuwa umemziba mdomo." Nikasema nitalivunja mwenyewe. Akasema, "Gusa jiwe moja, nakuandikia talaka." Na mapipa mengine ameshaagiza, anataka kulichimba zaidi.

Nyundo yake naijua ilipo. Je, nivunje, nipoteze mume na sauti ya mtoto, au ninyamaze? Nijibu upesi.

Mimi, Mwantum wa Msafiri, Dodoma.

JIBU

Mwantum binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara moja tu, ikatosha. Jibu hili nalitanguliza kwa gari la moshi la kwanza. Gazeti litalichapa baadaye.

Kwanza nikukaripie, ili tumalize. Mtoto aliyemwona mama yake akizama haachwi peke yake na maji yanayomfika kidevuni, yawe ya bahari, ya kisima, au ya birika la ng'ombe. Hilo halihitaji jini wala mzimu. Ulipotoka nje kutwanga ulikosea, usirudie hata kwa kupepesa jicho. Wivu wako usiuonee haya, kila mke anao. Ila siku ile ulipojitupa majini na nguo zako hukuwa na wivu, kwa hiyo acha kujipima.

Unataka nikuambie ni kitu gani kilichomo humo. Sijui. Nimezaliwa karibu na bahari, nimeona mengi yaliyotoka humo, na sitajifanya najua. Kama ni marehemu, kama ni shetani aliyevaa jina lake, kama ni majonzi ya mtoto yaliyopata mahali pa kutuama, dawa ni moja.

Usiguse nyundo. Ukivunja wewe, Msafiri atasema mpaka kufa kwake kwamba mkewe aliuawa mara mbili, ya pili na wewe, na mtoto atakua akiamini hivyo. Aliyelijenga alitoe mwenyewe. Mpe barua hii aisome, au umsomee.

Wewe Msafiri, sikiliza. Mkeo amekufa. Hukumlilia, hukumfanyia hitima, hukuwapa mkono wa pole wazazi wake, uliikimbia pwani ukidhani reli ina mwisho huzuni isikofika. Nakuonea huruma, kijana, mzigo huo ni mzito. Lakini umemfanya mtoto mkalimani wa wafu, na mkalimani hukaa karibu na bwana wake. Ijumaa alikaribia sana. Unasema asipokuwa na bwawa atakuwa bubu. Na awe bubu! Mtoto bubu hukua, huolewa, huzaa, hucheka. Mtoto aliyezama hanyamazi kwa ajili yako wala hasemi kwa ajili yako. Na neno talaka usilitumie kuwatisha watu wanaokuokolea mwana.

Sasa fanyeni hivi. Mwantum, mchukue Mishi leo, si kesho, uende naye kwenu Kondoa, uwafuate wafanyabiashara wanaopanda, na njiani funga upindo wa kanga yako na wa kwake. Asipite chumba cha kati kwenda kuaga. Msafiri, watie samaki wote katika mapipa wakiwa hai, na mkunga pia, uwarudishe pwani ile ile mkeo alikochukuliwa, uwaachie. Waendee wakwe zako. Swalini swala ya maiti asiyekuwapo, someni hitima, kaeni matanga. Ulie mbele ya watu. Maji yatakayobaki msiyamwage kisimani wala shambani, chumvi itaua mtama wa majirani, na tayari wanawatazama. Yapelekeni kwenye mbuga tupu isiyolimwa.

Na mtoto, ukifika naye, mwambie kwa kinywa chako, mchana, mkiwa mmekaa: "Mama yako amekufa baharini." Hakuna aliyewahi kumwambia.

BARUA YA PILI

Mpendwa mshauri,

Tulifanya, ingawa si kwa wepesi. Msafiri aliposomewa aliichana barua yako, nikaondoka na Mishi huku akiniita jina baya mlangoni. Mtoto hakulia. Alitembea akiangalia nyuma mpaka vilima vikaficha mji, na tangu nilipomfungia mlango wa chumba kile hakusema neno tena, mpaka Kondoa, na hata nilipomwambia lile ulilonituma kumwambia, alinitazama tu, kisha akaenda kucheza na vifaranga vya mama yangu. Nikajua nimempotezea sauti. Nikakubali.

Kumbe Msafiri naye hakuweza kukaa peke yake na maji yale. Alituma habari kwamba siku tulipoondoka hayakupwa wala kujaa, yalitulia, na samaki wote wakageuka upande wa kaskazini, upande tuliokwenda sisi. Asubuhi yake akaanza kujaza mapipa. Amekwenda, ameswali, amekaa matanga kwa wakwe zake. Mama wa marehemu alimpiga kofi kisha akamkumbatia.

Nami siku moja napalilia na Mishi shambani, nikavutwa nguo. "Mama," akasema, "mwiba." Akaninyooshea mguu. Sauti ya mtoto, mshauri, ya mtoto tu, yenye makamasi. Nikakaa chini nikauchomoa, na machozi yakawa yananizuia kuuona, mpaka akanicheka.

Tumerudi Dodoma, na Msafiri ameniomba radhi mbele ya Matonya. Jambo moja limebaki. Walipoyatoa maji ya mwisho, yeye na Matonya, walikuta nyayo katika mchanga wa chini. Nyayo ndogo, na kando yake kubwa, za mtu mwembamba, zimekwenda pamoja mpaka ukuta wa mashariki. Ndogo zimegeuka zikarudi. Kubwa hazikurudi, na ukuta ule Msafiri aliujenga mwenyewe, anasema hauna hata ufa wa kupita sisimizi.

Anauliza, kwa kuwa kazi ya mawe ni nzuri na panya hawawezi kuingia, je, tunaweza kuweka mtama humo?

Mwantum

JIBU

Hapana. Lifukieni leo mpaka juu kwa udongo wa kichuguu, mshindilie, kisha bomoeni paa la chumba hicho. Mvua ikija, inyeshe humo.