Maji Ndani ya Koili ya Tatu

Gereji ya Baba,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na kwamba kile kifua ulichomwandikia Bibi kuwa kinakusumbua wakati wa baridi kimepona. Kazi ya injini za meli inaendeleaje? Sisi hatujambo, isipokuwa Baba, ambaye habari zake utazisoma hapa chini. Bibi siku hizi anatembea kwa mkongojo, ila ulimi wake bado hauhitaji mkongojo. Mimi naendelea vizuri na masomo, na katika sayansi nimekuwa wa pili.

Najua hukutarajia barua kutoka nyumba hii. Simu yako haipatikani tangu ulipoondoka, na anwani nimeinakili kutoka kwenye kadi uliyomtumia Bibi. Ni miaka mitatu sasa. Siku ile Baba alipokupiga kwa mpira wa maji, mimi nilikuwa dirishani. Niliona mdomo wa shaba wa ule mpira ukikuchana juu ya jicho. Baba alikuita mwizi mbele ya wateja, akasema umeweka plagi kuukuu kwenye gari la mwalimu mkuu na kuuza mpya. Uliokota shati lako ukaenda. Naandika kwa sababu ya siku hiyo, lakini lazima nianze na pikapu ya Kokoto, maana bila hiyo nisingejua lolote.

Kokoto ni mteja aliyekuja baada yako. Anasomba kokoto, ndiyo asili ya jina, na mkono wake ni mzito kama mzigo wake. Mwezi uliopita alileta pikapu ibadilishwe breki. Kaka akabadilisha, kisha akaiosha nje na ndani ya boneti, kama sheria ya Baba unavyoijua: gari halitoki hapa na vumbi, hata kama lilikuja kujazwa upepo tu. Injini iling'aa mpaka ungeweza kujitazama na kuchana nywele.

Kesho yake asubuhi Kokoto alirudi akipiga honi tangu konani. Injini ilikuwa inamisi. Alisema ikipanda kilima na mzigo inatikisika, inakohoa, nguvu zinakatika, halafu inapona yenyewe. Baba akaiwasha, ikanguruma sawasawa. Taa ya injini haikuwaka. Kaka akachomeka ile mashine ya kusomea hitilafu, nayo haikuonyesha kosa lolote. Plagi zote zilikuwa safi. Baba akamwambia Kokoto amenunua petroli mbaya. Pikapu ikaoshwa, ikaondoka.

Mara ya pili Kokoto alipiga ngumi kioo cha mlango wa ofisi kikavunjika. Damu ikamtiririka vidoleni, wala hakuitazama.

"Mzee, gari langu halijawahi kumisi kabla ya kuingia hapa!"

"Labda dereva ndiye anayemisi," Baba akamjibu.

Wateja wakacheka. Kokoto hakucheka. Mashine haikuonyesha kitu tena. Kaka akabadilisha plagi zote nne, akaiosha, ikaondoka.

Mara ya tatu alikuja na nyundo ya kuvunjia mawe. Injini ilikuwa imekata nguvu wakati akilipita lori, na ubavu mzima wa pikapu ulikuwa umekwanguliwa. Hakusalimu. Alipiga kabati la spana, likalala chini. Akapiga meza, ikapasuka katikati. Baba akainua mkono wa jeki kumzuia, na nyundo ikashuka juu ya mkono wake wa kulia. Mjomba, nilisikia mfupa. Ulitoa sauti ndogo kuliko nilivyodhani, kama ya penseli ikivunjika. Damu ilichanganyika na oili sakafuni. Mama akaifunika kwa unga wa mbao, na hata leo pale pana doa ambalo sote tunalikwepa.

Kokoto akatupa funguo juu ya unga ule. "Ijumaa nakuja kuichukua. Ikimisi tena, sitarudi na nyundo. Nitarudi na petroli, muote moto wote."

Unajua kwamba kati ya gereji na chumba cha Bibi kuna ukuta wa mbao tu.

Baba alirudi kutoka hospitali na plasta mpaka kwenye kiwiko, na hasira zake zikatafuta pa kwenda. Zikampata Kaka. Alimtandika kwa mkono wa kushoto, kwa mpira uleule, akimuuliza plagi mpya amezipeleka wapi. Kaka alijikunja kati ya matairi akisema, "Nimeziweka, Baba, nimeziweka." Mama alipomshika Baba, naye alisukumwa akagonga ukuta. Kisha Baba akasema kwamba atakayeigusa pikapu, yeye mwenyewe atamvunja mifupa.

Usiku wala mchana maneno yale ya plagi hayakunitoka kichwani. Ndiyo yaleyale aliyokuambia wewe. Mwalimu wetu wa sayansi hutuambia kwamba jambo likijirudia, usianze kwa kumtafuta mkosaji, andika kwanza nini kilitangulia. Nikachukua daftari la magari yanayoingia na kutoka, nikaandika. Breki, ikaoshwa, kesho yake ikamisi. Petroli ikalaumiwa, ikaoshwa, ikamisi. Plagi mpya, ikaoshwa, ikamisi. Niliitazama karatasi yangu mpaka nikaogopa.

Nilimwonyesha Kaka. Alicheka kwa upande mmoja, kwa sababu upande wa pili wa mdomo ulikuwa umevimba. "Wewe Tochi, unataka kusema tunaiua kwa kuiogesha?" Nikamwambia tupime.

Alhamisi, Baba alipokwenda kutazamwa plasta, tulipakia mifuko ya mchanga. Kaka akapanda kilima cha tangi la maji mara tatu, injini ikiwa kavu. Haikukohoa hata mara moja. Tukarudi, tukaiosha kama kawaida, tukapanda tena. Nusu ya kilima pikapu ilishtuka kama mtu aliyezabwa kofi. Kaka akapiga kelele za furaha na kugonga usukani. Sijawahi kuona mtu akifurahia ugonjwa kiasi kile. Tulipoendelea kuzunguka, joto la injini lilikausha maji, ikatulia. Ndiyo maana kila ilipofikishwa gerejini ilikuwa nzima. Na mashine haikusoma kitu kwa sababu, kama Kaka alivyonieleza, kompyuta ya gari lile hungoja kosa lijirudie sana ndipo iliandike, kama kiranja mwenye huruma.

Tukaiosha mara nyingine, kisha tukafungua koili, zile zinazokaa juu ya plagi na kuzipa umeme. Ya kwanza ilikuwa kavu. Ya pili kavu. Ya tatu ilitoka ikichuruzika maji. Raba yake ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na pembeni mwa ufa kulikuwa na mstari mweupe, ndipo umeme ulipokuwa ukitorokea.

Hapo Baba akaingia. Aliona boneti iko wazi, akaokota mpira. Pigo la kwanza lilikuwa la Kaka, lakini mimi nilisimama mbele likaniangukia begani. Alama bado ipo, sasa inageuka kijani. Sikulia, Mjomba, nilikuwa na haraka. Nilimwinulia koili, nikaigeuza, na matone matatu yakaanguka juu ya plasta yake.

"Hakuna aliyeiba, Baba. Ni maji yetu."

Aliyatazama matone yakinywewa na plasta. Mpira ulibaki hewani muda mrefu. Kisha akauliza taratibu, "Ufa wenyewe uko wapi?"

Ijumaa Kokoto alikuja na dumu la petroli, mfuniko umeshafunguliwa. Mama alikuwa amemhamishia Bibi kwa jirani, Bibi akilalamika njia nzima kwamba ameacha meno yake kwenye glasi. Koili mpya tulikwisha kuiweka. Baba alitoka mikono mitupu, akasema mbele ya wateja, "Ufa ulikuwepo, lakini maji tuliyatia sisi, kila mara. Ulisema kweli, nami nikakufanyia mzaha."

Kokoto aliweka dumu chini, akamzaba Baba kofi lililomgeuza uso. Niliuona mkono wa kushoto wa Baba ukikunja ngumi. Kisha ukakunjuka.

Kokoto akachukua ndoo, akaimwagia injini maji yote mwenyewe, akaondoka kwenda kilimani. Dumu lilibaki pale katikati yetu, likinuka. Aliporudi, alizima injini, akalisukuma lile dumu kwa mguu kumwelekea Kaka.

"Mimina kwenye tangi. Nilishainunua."

Kaka alimimina kwa haraka, nusu ikaishia viatuni. Kuhusu mkono wa Baba, Kokoto hakusema neno. Mimi bado sijamsamehe.

Jioni ile Baba aliniagiza daftari la mwaka ule ulipoondoka wewe. Gari la mwalimu mkuu liliingia mara tatu likimisi, na mara tatu mashine haikuonyesha kitu. Kila mara, siku iliyotangulia, pameandikwa "limeoshwa" kwa mwandiko wako, na limepigiwa mstari, kwa sababu wewe uliosha kwa bidii kuliko sisi sote. Nilimsomea. Akaniambia nisome tena, kisha tena. Nilipomaliza mara ya tatu alitoka nje, akachukua msumeno wa chuma, akaanza kuukata ule mdomo wa shaba. Kwa mkono wa kushoto kazi ile ilimchukua muda mrefu. Kaka alitaka kumsaidia, Mama akamwambia, "Mwache."

Sijui kama mtu anaweza kubadilika kwa siku moja. Jana alimfokea Kaka kwa ajili ya spana iliyopotea, akainua mkono juu, kisha akautumia kujikuna kichwa. Nimefundishwa kuandika yale tu niliyoyaona, kwa hiyo naandika: pigo moja halikutokea. Hilo ni tokeo la kwanza, na nitaendelea kuhesabu.

Ndani ya bahasha nimeweka ule ukurasa wa daftari. Baba mwenyewe ndiye aliyesema nikukatie. Mwonyeshe yeyote aliyewahi kusikia ukiitwa mwizi.

Mama anakusalimu sana. Anasema chumba chako kimejaa matairi, lakini matairi yana tabia ya kubingirika yakiambiwa. Bibi anakusalimu, na meno yake yapo salama. Kaka anakusalimu, na anasema injini yoyote atakayoiosha tena ataifunika kwanza kama mtoto mchanga. Mwenyezi Mungu akutangulie kila unaposhuka ngazi za chumba cha injini, na akuinue kila unapopanda.

Mimi ni mpwa wako akupendaye, niliyekuwa nakumulikia chini ya magari,

Tochi

Yanayofuata ni mwandiko wa Baba, kwa mkono wa kushoto. Aliniambia nigeuke nisimtazame.

SHEMEJI. PLAGI ULIZIWEKA. SASA NAJUA. RUDI UNIPIGE, AU RUDI TU.