Saa Aliyoanguka Mtani

Usoke,
7 Julai 2024

Binti yangu Mwanahawa,

Pokea salamu zetu huko Mbagala, wewe, mumeo na huyo mgeni mdogo ambaye bado hatujamwona. Mama yako mkubwa Leonia anauliza kama mshono umekauka na kama maziwa yanatosha. Sisi ni wazima wa kutembea. Malori ya tumbaku yanapita mchana kutwa, na vumbi lake tunalila pamoja na mboga.

Nimechukua karatasi kwa sababu simu ya hapa inakatika katikati ya sentensi, na wewe unanifahamu tangu nilipokufundisha baiolojia kidato cha pili: nikikatizwa, naanza upya.

Baba yako alitoka hospitali Jumatano. Yuko kwangu, chumba cha mbele, kwa kuwa nyumba yake ina ngazi na mlango mwembamba. Mkono wa kulia na mguu wa kulia haimtii. Uji mzito anaumeza. Maji yanampalia, kwa hiyo tunayakoroga na unga kidogo. Tunamgeuza kila baada ya saa mbili ngozi isichubuke.

Usemi umekwenda. Limebaki neno moja, nalo ni tusi langu. Tangu reli ilipomleta stesheni ya Usoke miaka arobaini iliyopita, Mzaramo huyu hajawahi kuniita Octavian. Ananiita mpagazi, kwa kuwa babu zangu walibeba pembe za ndovu mabegani kwenda pwani kwao. Sasa maji ni mpagazi, maumivu ni mpagazi, na jana alinyoosha kidole kwenye picha yako ukutani akauliza, "Mpagazi?" Nikamwambia umejifungua salama, mtoto wa kike. Akalia.

Wewe ni muuguzi, unayajua haya kuliko mimi, lakini niache nieleze, ndivyo ninavyotulia. Kitalu cha tumbaku kinanyweshwa kwa mpira. Mpira ukizibwa na tope, miche ya mbele inanyauka ingawa kisima kimejaa. Damu iliyoganda ndiyo hilo tope. Ukiuzibua mapema, miche inainuka. Ukichelewa, hata ukiumwagia mto mzima, unalowesha majani makavu.

Lea mtoto. Baba yako hatapungukiwa na kitu ambacho mikono yangu inaweza.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Octavian


Mbagala,
21 Julai 2024

Shikamoo baba mkubwa, shikamoo mama mkubwa,

Sisi hatujambo. Mshono umekauka, mtoto ananyonya vizuri, na amechukua paji la uso la baba. Barua yako nimeisoma hadi karatasi imelegea. Sina la kukulipa. Baba mwenyewe asingepata ndugu wa tumbo moja wa kumgeuza kila saa mbili.

Nina swali moja, nawe ndiye uliyempeleka hospitali. Mwaka jana nilipokuombea kazi ya uelimishaji katika utafiti wetu wa kiharusi, tulikufundisha kuwauliza wenye mgonjwa: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ilikuwa kwenye jokofu la hospitali hiyohiyo. Inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Zaidi ya hapo inaweza kumwaga damu kichwani na kuua. Baba hakupewa. Siku ile mimi mwenyewe nilikuwa kwenye meza ya upasuaji, na tangu hapo kila mtu ananiambia pole, hakuna anayeniambia saa.

Ilikuwa saa ngapi, baba mkubwa?

Binti yako,
Mwanahawa


Usoke,
15 Agosti 2024

Binti yangu Mwanahawa,

Salamu kwako na kwa mwenye paji la uso. Afya zetu si mbaya, goti langu tu. Leonia ametuma michembe ya viazi vitamu vikavu na chupa ya asali. Asali ni yako, si ya mtoto, asionjeshwe kabla ya kutimiza mwaka.

Nina habari njema. Nilisoma katika yale makaratasi mliyotupatia kwamba watafiti wanatumia kioo. Nimechukua kioo cha Leonia, nikakisimamisha mezani katikati ya mikono ya baba yako. Mkono mbovu unakuwa nyuma ya kioo, mzima mbele yake. Akiukunja mzima, anaona kiooni mkono wa kulia unakunjika. Ubongo, kama mwanafunzi mvivu, unaanza kuiga kile unachodhani unakiona. Tunafanya hivyo nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Juzi kidole gumba cha kulia kiliruka. Leonia anasema kilikuwa kivuli. Mimi nilikiona.

Uliniuliza zamani, ukiwa mdogo, kwa nini baba yako ana ruhusa ya kunitukana. Sikukujibu vizuri. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea miezi kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Walipofika Uzaramo, wagonjwa waliachwa huko, na waliokufa walizikwa na wenyeji. Mtu aliyekuzika si mgeni tena. Anaweza kukutukana nawe usikasirike, anaweza kuchukua kuku wako, na siku ya msiba wako ana haki ya kukuigiza mbele ya jeneza ili wafiwa wacheke. Huo ndio utani. Wanaokaa na wagonjwa wa kiharusi wanasema kwamba matusi, sala na nyimbo hukaa sehemu nyingine ya ubongo, mbali na maneno ya kawaida. Ndiyo maana tusi langu limepona mahali ambapo jina lako limezama.

Sina kazi nyingine sasa, Mwanahawa. Naamka kwa ajili ya nusu saa hizo mbili. Ningeondolewa yeye, sijui ningeamkia nini.

Kuhusu saa, hali hiyo aliamka nayo. Ndivyo nilivyowaeleza hospitali.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Octavian


Mbagala,
20 Septemba 2024

Shikamoo baba mkubwa,

Natumaini goti linapungua. Asali tumeipata, asanteni.

Jumatatu nimerudi kazini. Fomu za wagonjwa wa hospitali yenu hutumwa kwetu kwenye utafiti. Sikutumwa kutafuta ya baba, nimeitafuta mwenyewe. Amefika hospitali saa nane na dakika arobaini mchana. Picha ya kichwa, saa tisa na robo: hakuna damu iliyomwagika. Dalili zilianza lini: "Aliamka nazo, saa haijulikani." Mtoa taarifa: Octavian, mwelimishaji wa kijiji. Chini yake daktari ameandika kwamba dawa haiwezi kutolewa.

Nikampigia Advera wa dukani hapo Usoke kumshukuru kwa kanga ya mtoto. Bila kuulizwa akaniambia mara ya mwisho alipomwona baba ni msibani kwa Mzee Eliya, Jumamosi ileile uliyompeleka hospitali, asubuhi, akiwavunja watu mbavu.

Mtu aliyeamka amepooza alifikaje msibani?

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jibu lisilolingana na swali lirudishwe kwa mwenyewe. Nalirudisha. Kama kuna ulichonificha, nitakuja kumchukua baba.

Binti yako,
Mwanahawa


Usoke,
2 Novemba 2024

Binti yangu Mwanahawa,

Natumaini wewe na mtoto ni wazima. Baba yako amelala vizuri na amekula.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Zote nilizichana kwa sababu zilianza na maelezo.

Jumamosi ile jeneza la Mzee Eliya lilikuwa litoke nyumbani saa tano kwenda kanisani. Unamkumbuka Eliya, fundi cherehani, Mnyamwezi mwenzangu. Aliishi miaka mitatu na kiharusi. Tulimzoea akiburuta mguu, mdomo umekwenda upande. Basi baba yako, kwa haki yake ya utani, alikuja kumwigiza. Alijitundika tepu ya kupimia shingoni, akaburuta mguu, akapindisha mdomo, akaanza kumpima mjane gauni la kuolewa tena. Hata mjane alicheka. Saa tano na nusu jeneza lilipoinuliwa, alijilaza kizingitini, akanitazama, akasema kwa sauti iliyonyooka:

"Mpagazi, mzigo huu haupiti bila kuku."

Najua saa kwa sababu padri alikuwa anatusubiri nami nilitazama. Ndiyo maneno yake ya mwisho kamili.

Tukaleta kuku. Alimpokea kwa mkono wa kushoto. Tukamwambia ainuke, akatoa sauti ya Eliya, mguu ukaparura sakafu. Watu walicheka hadi kushikana. Leonia akanivuta shati, akasema, "Huyu mate yanamtoka kweli." Wote wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano wa kijiji kuwafundisha dalili tatu: uso, mkono, maneno. Zote tatu zilikuwa zimelala miguuni pangu.

Nikasema, "Mwacheni, anataka kuku wa pili."

Wakaleta wa pili. Wakamnyunyizia maji, wakamwimbia. Uigizaji uliishia wapi na ugonjwa ukaanzia wapi sijui, na sitajua. Saa saba kasoro robo yule kuku alimponyoka, naye hakumfuata hata kwa macho. Hapo ndipo nilipopiga magoti.

Hospitali nilivaa kitambulisho cha utafiti ili tupite getini upesi. Picha ilipotoka, daktari, kijana mpole, akaniuliza swali lile. Tangu saa tano na nusu zilikuwa zimepita saa tatu na dakika arobaini na tano. Zilibaki dakika arobaini na tano. Nilizihesabu, Mwanahawa; mwalimu haachi kuhesabu. Lakini kusema saa tano na nusu kulitaka niseme pia tulikuwa wapi, na mimi nilikuwa nafanya nini mpaka saa saba kasoro. Kitambulisho kilikuwa kifuani, na jina langu juu yake.

Nikasema, "Aliamka nayo."

Akaweka kalamu chini. Leonia alikuwa nyuma yangu. Tangu siku ile ananipakulia chakula, kisha anaondoka.

Bado ningeweza kumrudia daktari. Alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Nilikaa kwenye benchi nikitazama saa ya ukutani. Ilipofika saa kumi nilijua sihitaji tena kuamua, na Mungu anisamehe, nilipumua.

Sina ombi ninalostahili. Ninalo moja tu: niachie mazoezi yake. Kidole kile kiliruka.

Octavian


Mbagala,
12 Januari 2025

Shikamoo.

Natumaini nyote ni wazima. Nimelelewa kuanza hivyo.

Nilipokuja na gari kumchukua baba mwezi Novemba sikukusemesha. Barua yako ilikuwa mkobani. Nilikuona umesimama uani umeshika kile kioo ukidhani ningekisahau, na nilikipokea kwa sababu baba alikiangalia.

Fomu imerekebishwa. Inasema saa tano na nusu. Msimamizi wangu aliuliza kwa nini mgonjwa huyu hakupewa dawa, nikamjibu kwamba taarifa haikuwa sahihi. Jina lako limetolewa kwenye orodha ya waelimishaji. Sikuandika zaidi.

Nimejaribu kujifariji kwa hesabu. Dawa ikitolewa katika saa zile za mwisho, kati ya watu kumi na kadhaa anaongezeka mmoja tu anayerudi kuwa mzima. Nimewatajia wauguzi wanafunzi namba hiyo mara nyingi, na kila mara niliiita ndogo. Sasa siwezi kuifanya iwe ndogo.

Baba hafanyi mazoezi. Mtaalamu wa viungo anakuja mara mbili kwa wiki, lakini baba anageuza uso ukutani. Kioo amekisukuma kimevunjika. Anataka kiti chake kielekee mlangoni. Mtu akibisha hodi, baba anainua kichwa. Akishaona ni nani, anakishusha. Chakula kimempitia njia ya hewa, homa ya mapafu imerudi mara ya pili, na daktari ameniambia nisiwe mbali.

Mama mkubwa amenipigia kuniomba nikuruhusu uje. Wazee wa kwetu Kisarawe nao wamekuja kunikalisha kitako. Wanasema mtani hashtakiwi wala hakasirikiwi. Wanasema nimsomee baba barua yako yote, naye atacheka kwa upande ule uliobaki, atakuita tusi lako, na jambo litakuwa limekwisha.

Najua atacheka. Ndiyo maana sijamsomea.

Usije.

Mwanahawa binti Kondo