Kitanda Kilichobaki Nje

Jumamosi, 16 Machi 1974

Mume wangu! Nimeandika neno hilo mara tano pembeni mwa ukurasa na bado ni tamu. Severino aliondoka Alhamisi na lori la kazi ya barabara kwenda Torit. Atarudi tarehe thelathini. Wiki sita tu za ndoa, na tayari nalala peke yangu katika tukul yetu, nyumba ya udongo na majani – chumba kimoja, mlango mwembamba kama wa banda la kuku. Lakini yetu!

Paa lina tundu. Jana nyota moja ilichungulia humo. Nikaituma Torit.

Ameniachia pauni kumi na tano kwenye kopo la maziwa ya unga. Tatu za kula. Kumi na mbili za majani ya paa – mzee Swaka atayaleta kutoka Rejaf Jumamosi ijayo, alipwe palepale. “Mvua isikukute, Santina,” Severino aliniambia. Nyumba nzima kaiacha mikononi mwangu!

Jumatatu, 18 Machi

Nimenunua kitanda! Cha chuma, cha springi, na vitufe vya shaba kila pembe! Nilikwenda sokoni Hai Jalaba kutafuta chumvi tu. Ezbon, mchuuzi tuliyerudi naye kutoka ukimbizini Gulu, akaniita: “Bibi harusi! Mimi iko na kitanda moja tu. Mwenye kitanda anahamia Khartoum leo.” Bei? Kumi na mbili. Kumi na mbili tu! Akilini nikamwona Severino amelala juu yake, mikono chini ya kichwa. Nikakimbia kuchukua kopo. Majani? Swaka atasubiri kidogo, nilijisemea.

Jioni – hakiingii mlangoni! Tumejaribu kwa mbele, kwa ubavu, kwa kichwa chini. Kimechomelewa, hakifunguki. Watu wa mkokoteni wamechoka, wameondoka. Mama Teresina, jirani, alichungulia juu ya ua: “Ya binti, kitanda hiki kinatafuta nyumba yake!” Wanawake wakacheka. Nami nikacheka.

Jumanne, 19 Machi

Leo nimepiga hesabu kwa kalamu. Nimekulia Uganda – kichwa changu bado kinasikia shilingi. Pauni moja ni shilingi ishirini. Mia mbili na arobaini! Baba alikuwa karani na hakupata hizo kwa mwezi. Shuleni kwa hesabu nilikuwa wa kwanza. Mungu wangu.

Jumatano, 20 Machi

Nilimwendea Ezbon. Nikamsihi akirudishe. “Malesh, samahani dada. Gurush, pesa yote, imepanda lori na mwenye kitanda.” Akaniuliza kama nataka na kabati.

Nimekula uji mara moja tu.

Ijumaa, 22 Machi

Wingu jeusi limekaa juu ya mlima Jebel tangu asubuhi. Mama Teresina amewauliza watu wote wa mtaa. Kitanda wanakisifu, wanakikalia, watoto wanakirukia – kununua, hapana. Nani ana mlango wa upana huo?

Mama Teresina ameniambia nimwambie Severino ukweli kabla hajauona kwa macho. Nitamwambia vipi? Hajawahi hata kunipandishia sauti. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kama angekuwa mkali ningejua pa kujificha.

Alasiri alipita Marino, dereva mwenzake. Daraja limekatika, kazi imesimama, wote wanarudi. Severino atafika kesho! Eti kamwambia Marino: “Nakwenda kulala chini ya majani mapya.” Nilipiga kigelegele mbele ya Marino. Kisha nikakaa chini.

Jumamosi, 23 Machi

Swaka amefika saa nne na mkokoteni wa majani. Mazuri, marefu, yananukia. Akakiona kitanda uani, akasimama. Nikafumba macho.

“Ee! Mke wa Severino ana akili! Ametengeneza mahali pa kuyaweka, yasiguse ardhi!”

Akayapanga yote juu ya springi zangu. Vitufe vya shaba vimebaki vinachungulia pembeni. Nimempa chai. Akasema alipwe, awahi kurudi. Nikampa chai nyingine. Ya tatu haina sukari, imeisha. Ameinywa, lakini sasa ananitazama.

Nimeingia ndani eti kutafuta pesa. Naandika nimesimama. Kopo lina pauni moja na nusu – nimezitoa, ziko kiganjani, zimelowa jasho. Tone la kwanza la mvua limeingia kwa tundu. Nimelisogeza kopo hapo chini bila kufikiri.

Lori! Limesimama. Ni yeye, ni kikohozi chake! Moyo wangu unamkimbilia, mimi nimebaki na kalamu. Wanasalimiana. Swaka anamwonyesha kitanda, anamsifia mke. Severino anacheka – kicheko kile kile cha siku ya harusi. Anauliza kitanda kimetoka wapi. Swaka hajui.



Sasa ananiita, polepole, kwa upendo: “Santina. Leta kopo.”

Liko chini ya tundu. Limeanza kujaa.