Paa Lako, Dada Estela, na Mtamba Wangu

Dada Estela,

Kamwene, dada. Sijui kama huko uliko watu wanasalimiana, lakini mimi siwezi kuanza bila salamu. Baba angenisikia ningekoma.

Nakuandikia kwa sababu paa lako lilivunjika. Nasema lako, ingawa ni mimi ninayelala chini yake mwaka wa tatu sasa. Kila mtu hapa milimani analiita paa la Estela, na wa kwanza kuliita hivyo ni mume wetu.

Ndiyo, mume wetu. Nisemeje vingine? Ulipofariki ukamwacha Neema bado ananyonya, wazee wa pande zote mbili walikaa, wakasema mdogo mtu ashike nafasi ya dada yake, mtoto asije akalelewa na mgeni. Mdogo mtu ndiye mimi. Nilikulilia mpaka sauti ikakauka, na kabla haijarudi vizuri nikaambiwa nifunge mzigo. Wala sidhani ungenitetea. Ungesema tu, "Rahel, nenda, mtoto analia." Basi nilienda. Neema nampenda, hilo ujue kabla sijaanza kusema mengine.

Mengine ni haya. Wewe ulipoolewa, Yohana alishusha ng'ombe Idodi, na watu wakaacha majembe mashambani wakaja kuwatazama. Mimi hata mbuzi sikutolewa. Walisema ng'ombe wako wanatosha, kwa sababu nyumba ni ile ile na mke ni yule yule. Mke ni yule yule! Nilikuwa jikoni napepeta mtama, nikayasikia hayo kwa masikio yangu. Baba aliitikia kwa kichwa. Nikaja huku, wanawake wakanipokea kisimani kwa jina la Mama Neema, na Yohana naye akaniita Mama Neema, na siku akisahau ananiita Estela. Jina langu nilikuwa nalisikia kanisani tu, mchungaji akisoma habari za Yakobo.

Mwaka niliokuja, ng'ombe wa Yohana alizaa ndama jike. Nilimnywesha maji kwa mkono wangu, na siku moja nikajikaza nikamwambia Yohana, "Huyu akikua, mpeleke kwa baba. Mmoja tu. Useme mbele ya wazee kwamba ni wa Rahel, ili nami nijue nimeolewa, sikuletwa kama sufuria ya kuazima." Alicheka, lakini alikubali. Nikaanza kumwita yule ndama mtamba wangu, hata kabla hajaota pembe. Kila nikimkatia majani nilikuwa najiona mtu.

Sasa sikia habari ya mvua. Unakumbuka ulivyotusimulia juu ya mvua ya mawe ya huku juu, ukasema yanaanguka mawe makubwa kama mayai ya kanga, mimi nikacheka nikakuita mwongo? Sisi wa Idodi tunajua jua. Nisamehe, dada. Ilikuwa mchana, nipo jikoni nachambua majani ya maboga, nikasikia kishindo juu ya nyumba. Nikadhani ni watoto wa jirani wanatupa mawe. Nikatoka kuwafokea, jiwe la barafu likanipiga hapa juu ya sikio, nikarudi ndani mbio nikamficha Neema chini ya meza. Mvua ilipokwisha, shamba la pareto lilikuwa limelala chini lote, na upande mmoja wa nyumba, ule wa kitanda chetu, zilibaki mbao, na juu ya mbao, mawingu.

Jirani walilia, "Maskini, vigae vya Estela!" Hakuna aliyeuliza sikio langu.

Nami nikuambie ukweli, maana wewe sikufichi. Nilifurahi. Nyumba haina dari, unajua. Ukilala chali ulikuwa unaviona vigae kwa ndani, na kila kimoja kina mistari mitatu, vidole vyako ulivyoviburuta juu ya udongo mbichi ulipokuwa ukifyatua vigae kule kwenye tanuri la misheni, ili msimamizi ajue ni kazi ya msichana gani. Yohana alikuwa akifumbua macho asubuhi, kabla hajaniambia neno, anatazama juu. Anatazama muda mrefu. Mimi niko pale pembeni, nywele zimesimama, naona mume wangu anaamkiwa na dada yangu. Ungekuwa mke mwenza wa kawaida ningekutukana kisimani, yakaisha. Paa utalitukanaje?

Tena umekuwa mtakatifu, Estela! Hukuwahi kuunguza ugali, anasema. Wewe? Wewe ambaye mama alikuficha mwiko siku za wageni? Eti ulikuwa mpole, hukupenda kelele. Loo! Nani aliyekuwa akiimba akitwanga mpaka kuku wanakimbia? Wakati mwingine nataka kumwambia, Yohana, mimi nimelala na huyu mtu mkeka mmoja miaka yote ya utoto, alikuwa anapiga mateke. Lakini namwona uso wake, nanyamaza.

Akaitwa Fundi Saidi, yule wa Mlandege, mjini, ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani. Alipanda, akashuka, akafuta mikono. Alisema vigae vya namna ile hapa havipo tena, tanuri la misheni yetu lilikwishazimwa. Vinachomwa kwenye misheni nyingine, mbali, ukifuata barabara ya Mbeya, na nauli ya lori peke yake inapita bei ya vigae vyenyewe. "Bwana Yohana," alisema, "kwa gharama hiyo unaezeka bati nyumba nzima, na chai unakunywa." Yohana akasema bati halitaki. Linapiga kelele mvua ikinyesha, na Estela hakupenda kelele. Nilitoka nje nikacheka peke yangu nyuma ya zizi, kicheko kibaya.

Fundi akauliza, pareto imelala, fedha zitatoka wapi? Yohana aligeuka akatazama zizini.

Nilijua palepale. Alikuwa anamtazama mtamba wangu, dada.

Siku ile hatukula vizuri. Nilimwambia yote yaliyokuwa kifuani. Nikamwambia, "Muuze. Lakini siku atakapouzwa mimi narudi Idodi, ukae na vigae vyako, vikupikie." Akasema sina huruma na marehemu. Mimi! Mimi niliyekuosha! Mimi niliyekufunga nywele mara ya mwisho, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua unavyopenda zigawanywe! Nikamjibu, "Huruma ninayo, ng'ombe sina." Akavaa koti lake, akatoka na mtamba, akashika barabara. Alisema anapita misheni yetu kwanza, ambako wameweka vya mfano, kuagiza vigae, ndipo aende mnadani.

Nilifunga mzigo wangu. Nauandika ulivyokuwa: vitenge viwili, Biblia, na kile kipande cha kigae ulichonifundishia kuandika kwa mkaa, nikiwa bado naiandika R nyuma mbele, ukinipiga vidole na kunibusu papo hapo. Nilikitoa mzigoni, nikakitupa, nikakirudisha. Neema akawa ananifuata nyuma akisema, "Mama tunakwenda wapi?" Ningemwacha ningekuwa nimekuacha wewe. Ningemchukua wangenifuata na mikuki.

Alirudi siku ya pili, mchana, mtamba akiwa nyuma yake. Nilisimama mlangoni na mzigo wangu kichwani kama mjinga. Yohana alikaa kwenye gogo, akavua viatu, akasema, "Nimeviona. Vinatoka kwenye mashine siku hizi. Laini kabisa." Kisha akasema tena, polepole, "Havina vidole."

Akalia. Sijawahi kumwona mwanaume analia vile, hata msibani kwako hakulia vile.

Unaona sasa, Estela? Mtamba wangu alirudi, lakini hakurudishwa kwa ajili yangu. Yohana hakukaa barabarani akafikiri, Rahel ana haki yake. Alikosa vidole vyako misheni, ndipo akarudi. Hata nikishinda, ni wewe umenishindia. Niliushusha ule mzigo nikiwa na hasira kuliko nilivyoupandisha. Halafu nikakaa kwenye gogo upande wa pili nikalia nami, maana hata mimi hivyo vidole nilikuwa navijua, na havipo.

Tuliezeka kwa nyasi, kiangazi kilipoingia na nyasi zikakauka. Gharama nilitoa mimi. Ulezi wa shamba langu la kule bondeni wote niliupura, nikauotesha, nikausaga, nikapika pombe, nikawaita jirani kama desturi ilivyo. Mchungaji alinuna. Nikamwambia, mchungaji, ukinipa vigae mimi nitamwaga pombe hii mtoni. Akasema kumbe upepo wa huku ni mkali kweli kwa watoto, akaenda zake. Watu walikuja, wakakata, wakafunga, wakanywa, wakaimba, na jua lilipoanza kushuka, upande wetu ulikuwa na nyasi nene, zinanukia.

Vigae vyako vilivyokuwa vizima Yohana alivipanga vyote upande wa Neema. Vilitosha hasa, havikubaki hata kimoja. Sasa mtoto ndiye anayeamka anaona mistari mitatu, na nimemfundisha kuweka vidole vyake hewani kuifuatisha. Yohana huwa anaingia chumba kile anasema anakagua kama panavuja. Mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano! Namwangalia tu akiingia, namwangalia akitoka. Sufuria tu naziweka chini kwa nguvu.

Halafu tukaenda Idodi kumpeleka mtamba, kama alivyoniahidi. Yohana na mshenga walitangulia kwa miguu na mtamba, mimi na Neema tukapanda lori la mahindi. Mimi sikukaa na wazee, nilikuwa jikoni na mama, tunasikiliza kupitia ukuta wa fito. Mama aliona nakoroga kwa pupa, akasema, "Tulia, utamwaga uji." Mshenga akazunguka maneno yake yote, unajua walivyo, mpaka akafika, akamwambia Yohana aseme mwenyewe ng'ombe ni wa nani.

Yohana akasema, "Ng'ombe huyu ni wa Es..."

Akanyamaza. Mama aliacha kupuliza moto. Nilifikiri, basi, leo nakufa hapa jikoni. Ndipo nikasikia, chinichini, "Ni wa Rahel."

Baba akasema, "Sikusikia. Wa nani?"

Masikio ya baba unayajua, dada, yanasikia panya akitembea ghalani. "Wa Rahel," Yohana akasema. Baba akajibu, "Masikio yangu mazee, mkwe. Sema tena wanaokaa kule mwisho nao wasikie." Akamsemesha mpaka ikawa sauti ya kufukuza nyani shambani. RAHEL! Mama akanishika akacheka machozi yanamtoka. Baba aliitikia kwa kichwa siku ile waliyosema mke ni yule yule, na mimi nilikuwa nimemwekea kinyongo moyoni kama mwiba. Niliuondoa mwiba huo palepale, kwenye moshi.

Ungedhani ningerudi milimani mtu mpya, na wivu umekwisha. Haukwisha. Kwa sababu mama aliposhika tumbo langu, ndiyo, nina mimba, tena kubwa, jambo la kwanza alilosema ni, "Estela anarudi." Wanawake wote wakapiga vigelegele. Yohana akaitwa aambiwe jina hilo, na uso wake, dada, ulifunguka kama wa mtoto aliyeahidiwa nyama. Wote wananitazama, wananingoja nifurahi.

Nikasema hapana.

Nikasema mtoto huyu akiwa msichana hataitwa Estela. Mama alikasirika, shangazi akasema nitaleta mkosi, Yohana akatazama chini. Nilirudia hapana. Nimekaa kitandani pako, nimelala chini ya mikono yako, nimeitikia jina lako nikiwa nateka maji. Mtoto wangu haji duniani kushika nafasi ya mtu. Atakuja na jina ambalo hakuna aliyelililia. Kama umenikasirikia, njoo ndotoni unitukane, ila usimguse yeye.

Nami nakuahidi hivi, na hii ni ahadi mbele ya Mungu. Neema nitamwambia kila siku kwamba mama yake ni wewe, hata siku ananikumbatia shingoni akiniita mama na ulimi wangu unataka kukaa kimya. Nitamwambia uliimba. Nitamwambia na ugali, asije akalelewa na uongo. Na Jumapili, Yohana akitoka kanisani akapinda njia ya makaburini, sitamfuata, sitamwuliza alichosema wala alikaa kiasi gani, na chakula chake nitakifunika kisipoe. Jumapili nakuachia.

Siku nyingine zote ni zangu. Lala, dada.

Rahel