Kiti cha Kocha Nyuma ya Jiko Langu

Jumamosi, 5 Julai

Baridi. Ukungu haujaondoka mlimani tangu asubuhi. Nimemenya ndizi, nimechota maji, nimejificha mara mbili. Mara ya pili nyuma ya mgomba, ndoo kichwani, maana Baba Mkwe alikuwa anakwenda uwanjani. Alikohoa mara mbili. Ndiyo taarifa yake: napita, kaa pembeni. Mkamwana hakutani na baba mkwe, hasemi naye, hamtazami usoni. Wengi hapa Kawetele wameshaacha. Mama Mkwe hajaacha. Mimi mwalimu wa shule ya msingi, nina simu janja, na bado nachuchumaa migombani kama mwizi wa kuku. Miaka kumi na saba sasa.

Radi, timu yetu ya mpira, wameshinda. Nilitazama kutoka mteremkoni, mbali na benchi lake. Wakati wa mapumziko Kocha Asajile, ndiye huyo baba mkwe wangu, alitoa daftari lake jeusi kwenye koti, akalisoma, akamsogeza namba tatu mbele pembeni. Bao. Jambo hilohilo nililisema Alhamisi jikoni, nikimfokea mume wangu Lusajo mwiko mkononi. Nimejisifu kimoyomoyo. Nilicheza netiboli chuoni, nafasi naziona.

Jumatatu, 7 Julai

Amekufa.

Sikusikia kikohozi asubuhi. Nikadhani kwa kuwa ni Sabasaba amelala kidogo. Kisha yowe la Mama Mkwe nyuma ya jiko. Alikuwa kwenye kiti chake, mgongo umeegemea ukuta wa mbao wa jiko langu, kofia imeshuka mpaka puani. Pale ndipo alipokaa kila siku, mvua au jua. Siku zote nilijua anaota joto la moto wangu.

Nilikimbia. Nikafika kwenye kona ya jiko, nikasimama. Hata amekufa nimeshindwa kumtazama.

Mwandiko wenyewe leo kama si wangu.

Jumanne, 8 Julai

Watu. Wametoka Nkunga, wametoka Masukulu, wametoka Mbeya na magari yao. Wachezaji wa zamani wenye vitambi wanalia kama watoto. Kila mmoja ana hadithi: jinsi alivyoitoa Radi kwenye kiwanja cha mteremko, mpira ukitoka unaokotwa kwenye mashamba ya chai, akaifikisha ligi kuu. Jinsi timu ilivyoshuka, akarudi nayo nyumbani akaanza upya na vijana wa hapa. Kila mmoja ana neno aliloambiwa naye na hajalisahau.

Mimi sina hata moja. Najua kikohozi chake na kofia yake, basi. Najua pia kwamba alimtaka binti wa mchungaji awe mkamwana wake. Niliambiwa wiki ya kwanza ya ndoa na wifi mwenye mdomo. Tangu hapo nimeamini kwamba kile kisogo alichonigeuzia si mila tu, ni kutonitaka. Sasa sitajua kamwe. Nina hasira na marehemu, Mungu anisamehe.

Mama Mkwe amesema sitapita kuaga mwili. Heshima haifi na mtu, anasema. Nimerudi kwenye masufuria.

Jumatano, 9 Julai

Sijui niandikeje.

Mwenyekiti wa timu anataka ukurasa mmoja wa daftari la Kocha usomwe kesho pamoja na wasifu. Lusajo amenipa daftari nichague na kunakili, mimi ndiye mwenye mwandiko. Nimelifungua nikiwa nimekaa kwenye gunia la mkaa. Kurasa za mwanzo ni mambo ya mazoezi. Kisha ukurasa wa mwisho, wa Alhamisi:

"Mkamwana kasema namba tatu ana mbio, anaozea nyuma."

Nikadhani ameandika mambo ya mtu mwingine. Nikarudi nyuma. "Mkamwana kasema kipa anaogopa krosi." "Mkamwana kasema mimi kichwa ngumu kuliko jiwe la kusagia. Kweli. Nimebadilisha viungo." Maneno yangu. Matusi yangu! Ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka. Kiti kile hakikuwa cha kuota moto.

Nilitaka kucheka. Kisha nikafika hapa:

"Leo jikoni hakuna neno. Wamemzika mtoto wake, mdogo wa Bupe. Analia peke yake. Siruhusiwi kuingia. Nimekaa hapa mpaka aliponyamaza."

Siku ile nilijiona sina mtu duniani. Bupe mwanangu alikuwa bado mdogo, Lusajo yuko na wanaume nje. Kumbe ubao mmoja tu ulitutenganisha mimi na mzee.

Nimemwonyesha Lusajo. Alilifunga daftari, akasema nichague kurasa za mwanzo. Watu watasema Baba alikuwa anafundishwa na mwanamke. Nimenakili za mwanzo, daftari limekwenda kwa mwenyekiti.

Alhamisi, 10 Julai

Tumemzika.

Lusajo alisimama kusoma ukurasa nilionakili, ule wa mbio za asubuhi. Hakufika mbali. Mama Mkwe alinyanyuka kwenye mkeka.

"Siyo huo. Soma wa mkamwana."

Alikuwa anajua! Akawaambia watu wote, bila haya: mvua ikinyesha, nani alikuwa anamsogezea kiti chini ya paa? Lusajo alinitazama, akachukua daftari kwa mwenyekiti. Akasoma. Namba tatu, kipa, kichwa ngumu. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa yule namba tatu mwenyewe, machozi yanamtiririka. Halafu uwanja mzima.

Ule ukurasa mwingine hakuusoma. Namshukuru.

Mama Mkwe alinishika mkono mbele ya kadamnasi. "Ndaga, asante, mwanangu. Njoo umwone baba yako."

Nilimwona. Nyusi zake ni za Bupe, zilezile, zimekutana katikati. Miaka kumi na saba nyumba moja, na sikujua.

Jumapili, 20 Julai

Wageni wameondoka. Radi wamefungwa jana. Mwenyekiti amenirudishia mimi daftari, amesema kurasa tupu bado zipo.

Mchana huu Bupe alikuwa jikoni anamenya ndizi na kuwasema mabeki peke yake. Mimi nimezunguka nyuma, nikakaa kwenye kiti. Sikuwahi kukikalia. Mbao zina joto kidogo tu, si la kumfaa mzee kwenye baridi hii.

Lakini kila kitu kinasikika. Hata ganda la ndizi likianguka.